Tunawaadhinia masikioni, nani anajua kama wamesikia?

 

Mtoto wa Kiislamu akizaliwa, jambo la mwanzo tunalomfanyia ni kumwadhinia katika sikio lake la kulia. Baba au babu humpokea, akaelekea kibla, akainama na kuisoma adhana kwa sauti ya chini. Maulamaa wamejadiliana sana juu ya nguvu ya hadithi zinazohusu jambo hili, nami siingii huko. Ninalotaka kuuliza ni jambo jingine kabisa. Baada ya adhana ile, nani katika nyumba hiyo hurudi kuangalia kama mtoto amesikia?

Vidole vyake tunavihesabu. Macho tunayatazama kama yanafuata taa. Sikio tunaliacha, kwa kuwa tumeliona lipo mahali pake na umbo lake ni zuri. Mtoto anafika miaka miwili hasemi, bibi anatuliza watu kwamba hata baba yake alichelewa. Anafika mitatu, anapelekwa kukatwa kimeo. Anafika mitano, anavishwa hirizi shingoni, na jirani ameshatajwa kuwa ndiye aliyemfunga ulimi. Miaka mitano imepita, uhasama umeingia mtaani, shirki imeingia ndani ya nyumba, na hakuna hata mtu mmoja aliyempeleka mtoto huyo kupimwa masikio.

Katika Surat an-Nahl, aya ya 78, Allah (s.w) anatukumbusha kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote, akatupa usikivu, uoni na nyoyo ili tupate kushukuru. Wafasiri wameona tangu zamani kwamba mara nyingi Qur'an inapovitaja viwili hivi, usikivu hutangulia. Na katika Surat al-Israa, aya ya 36, tunaonywa kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Sisi wahubiri tukifika kwenye aya hiyo huwa tunazungumzia kusengenya na muziki. Ni sawa, hayo yamo. Lakini neema ikiulizwa, huulizwa pia namna ilivyotunzwa.

Ndugu msomaji, kabla hatujalaumu majini na majirani, tulijue sikio lenyewe lilivyo. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia kwenye tundu la sikio na kugonga ngozi nyembamba ambayo wengi tunaiita ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma hiyo kuna vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini, ambavyo kwa maumbo yake vimefananishwa na nyundo, fuawe na kikuku cha kupandia farasi. Hivyo hupokezana mtikisiko na kuupeleka ndani zaidi, kwenye kijumba kilichojizungusha mfano wa konokono, kilichojaa majimaji. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, na hizo ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa habari inayopita kwenye neva hadi kwenye ubongo. Chembe hizo tunazaliwa nazo. Ikifa moja, nyingine haioti.

Kutokana na maumbile hayo ndipo madaktari wanaugawa uziwi mafungu mawili makubwa. Kuna uziwi wa njiani, ambapo sauti inazuiwa kabla ya kufika ndani: nta imeziba, ngoma imetoboka, usaha umejaa nyuma ya ngoma, au vifupa vimegandana. Huu kwa sehemu kubwa unatibika. Na kuna uziwi wa ndani, ambapo chembe zile au neva yenyewe imeharibika. Huu kwa kawaida haurudi nyuma, ila mtu anaweza kusaidiwa. Wapo waliopatwa na yote mawili kwa pamoja. Tofauti hii kila mzazi anatakiwa aijue, kwa sababu uziwi wa njiani ukipuuzwa miaka mingi unaweza kuufuata ule wa ndani.

Nilipata kuliona hilo kwa macho yangu katika kata ya Oloipiri, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nilikuwa nimefuatana na ndugu waliokwenda kuchinja na kugawa nyama ya udh-hiya msimu wa Idd el-Hajj. Sisi watu wa mjini tukilisikia jina la Loliondo tunakumbuka mambo mawili tu: migogoro ya ardhi na kikombe cha Babu. Kwa hiyo kila mtu kwenye gari alikuwa na lake la kusimulia kuhusu mwaka 2011, pale mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alipokuwa akinywesha watu dawa ya mti kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Waislamu nao walikuwemo kwenye foleni ile, tusijidanganye. Palikuwa na wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini wakapandishwa magari, na wapo waliofia njiani.

Pale Oloipiri alikuja mama mmoja na mtoto wake wa kiume wa miaka kama tisa. Hakuja kwa ajili ya nyama. Alikuwa amesikia kwamba katika msafara wetu yupo tabibu. Mtoto alikuwa anapangusa sikio kwa ncha ya shuka yake, na inzi walikuwa hawambanduki. Dereva wetu anayejua Kimaasai akatafsiri.

"Linatoka maji tangu ananyonya," mama akasema. "Likikauka mwezi mmoja, mvua ikinyesha linaanza tena."

"Yeyo, umekuwa ukilitibu kwa nini?" tabibu akauliza.

"Mafuta ya kondoo. Nayapasha moto kidogo, namimina."

Tabibu hakumcheka wala hakumkaripia, na hilo nililipenda. Alilisafisha sikio kwa pamba, akachungulia kwa kurunzi yake, kisha akaniita nami nitazame. Ngoma ya sikio ilikuwa na tundu. Mafuta yote yaliyomiminwa miaka hiyo yalikuwa yanapita kwenye tundu hilo na kuingia sehemu ya kati ya sikio, mahali ambapo hapakuumbwa kuingia mafuta wala maji. Sikio la pili nalo lilikuwa limeanza.

Kisha tukaambiwa habari ya shule. Mtoto alikuwa darasa la kwanza kwa mara ya pili. Alikuwa amekalishwa nyuma kwa sababu ya harufu, na kwa kuwa yuko nyuma hasikii, na kwa kuwa hasikii hajibu, basi ameandikwa mzito wa akili. Nilipomtazama nikamwona anavyofuata midomo ya kila anayesema, macho hayatulii. Huyo si mzito wa akili. Huyo anafanya kazi mara mbili ya wenzake.

Niseme jambo moja hapa, maana najua msomaji wa mjini ameshafika huko: masikio marefu ya Wamaasai hayahusiki kabisa. Kutoga na kurefusha ndewe ni sehemu ya nje tu, na usikivu hauko kwenye ndewe. Usaha wa sikio huanzia puani na kooni. Mtoto anapata mafua, vijidudu vinapanda kwenye mrija mdogo unaounganisha koo na sikio la kati, usaha unajaa, ngoma inapasuka. Mrija huo kwa mtoto ni mfupi na umelala, ndiyo maana watoto huugua zaidi. Moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, lishe duni, msongamano, na kunyonyeshwa chupa hali mtoto amelala chali, yote yanaongeza. Hayo yapo Oloipiri, na yapo Manzese vilevile.

Mama yule alielekezwa hospitali ya Wasso. Alifundishwa kusokota pamba au kitambaa safi mfano wa utambi, kukiweka sikioni kinyonye usaha, kukitoa na kuweka kingine mpaka utambi utoke mkavu, mara tatu kwa siku, ndipo adondoshe dawa aliyopewa na hospitali. Hakuna kumimina kitu kingine chochote, na maji yasiingie wakati wa kuoga. Baada ya wiki tatu mwenyeji wetu alipiga simu: sikio limekauka, mtoto amehamishiwa dawati la mbele. Tundu bado lipo. Kuliziba kunahitaji upasuaji wa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na kwa watu wa huko huyo wanamfuata KCMC Moshi. Mama alipoambiwa hivyo alipiga hesabu papo hapo: mbuzi mmoja ni nauli ya kwenda, na mbuzi mwingine ni nauli ya kurudi, bado hajala wala hajatibiwa.

Usaha wa sikio si jambo la kuchezea. Sikio la kati limepakana na ubongo kwa ukuta mwembamba wa mfupa. Usaha ukiutoboa ukuta huo, mtoto anapata homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo, na watoto wanakufa kwa hilo. Watu husema amekufa kwa degedege au kwa kurogwa, na sikio lililokuwa likinuka miaka mitano halitajwi msibani.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe. Mama wa Oloipiri anamimina mafuta ya kondoo, na mama wa Magomeni anamimina nini? Anamimina mafuta ya habbat sauda, au asali, au maziwa yake mwenyewe, na pengine ameuziwa hayo kwenye duka lenye kibao cha tiba ya Sunna. Hadithi ya habbat sauda ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, na hakuna Muislamu anayeikataa. Lakini wapi Mtume (s.a.w) alielekeza imiminwe ndani ya sikio lenye tundu? Mtume huyo huyo ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, akatuamrisha tutafute tiba. Kutafuta ni pamoja na kumtafuta anayejua. Az-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika kwa kirefu namna ya kutoa vitu vilivyonasa sikioni, akachora na vyombo vya kutolea. Waislamu wa wakati ule walikuwa wanachungulia sikio kabla ya kulitia dawa. Ndugu zangu wenye maduka hayo wengi wana nia njema, lakini sikio linalotoa usaha si la kuuziwa chupa kaunta.

Nta nayo ina mkasa wake. Nta si uchafu, Allah ameiweka ili inase vumbi na wadudu, na kwa kawaida hujitoa yenyewe. Sisi tunaichokoa kwa njiti ya kiberiti, kwa kofia ya kalamu, kwa ufunguo wa gari, na kwa vile vijiti vya pamba vinavyouzwa kwenye foleni za magari. Tunaisindilia ndani mpaka inakuwa gogo, kisha tunalalamika kwamba sikio limeziba. Hospitali huilainisha kwa matone na kuitoa kwa dakika chache.

Nije kwenye uziwi wa ndani, ambao ndio mzito zaidi. Mwingine mtoto huzaliwa nao. Mama akipata rubela akiwa na mimba changa, au kaswende isiyotibiwa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Mtoto akichelewa kulia wakati wa kuzaliwa, akizaliwa njiti, au akipata manjano makali siku za mwanzo, ni vivyo hivyo. Akikua kuna surua, matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014, na mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Bado nawasikia watu wetu misikitini wakinong'onezana kwamba chanjo ni njama ya kuwafanya watoto wetu tasa. Watoto waliochanjwa miaka ya themanini leo wana watoto wao. Anayemzuia mwanawe asichanjwe kisha mtoto akapata surua ikamla masikio, atajibu nini atakapoulizwa juu ya usikivu?

Uziwi mwingine uko kwenye damu. Wazazi wawili wanaosikia vizuri kabisa wanaweza kila mmoja kuwa amebeba kasoro iliyojificha, zikikutana mtoto anazaliwa haisikii dunia. Uwezekano wa kukutana ni mkubwa zaidi wazazi wakiwa ndugu wa damu. Kuoa binamu ni halali, sisemi vinginevyo, na ndoa nyingi za namna hiyo zimezaa watoto wazima. Lakini familia ambayo tayari ina viziwi wawili watatu, na inaendelea kuozeshana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya shamba na nyumba isitoke mikononi, ingefaa ikae na daktari kabla ya kukaa na kadhi. Halali si lazima.

Kuna pia dawa. Wenzangu wa umri wangu wanaikumbuka kwinini na namna masikio yalivyokuwa yakivuma siku mbili tatu. Hiyo kwa wengi ilipita. Zisizopita ni sindano za jamii ya jentamaisini, streptomaisini na kanamaisini, ambazo zikizidi kipimo au zikitumika muda mrefu huziua chembe zile za ndani moja kwa moja. Zimeokoa maisha ya watu wengi sana na daktari akiziandika ana sababu zake. Mfano wa kuumiza ni wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ndiyo iliyoanza kuwatibu nchini mwaka 2009, na tiba ya wakati huo duniani kote ilikuwa ni pamoja na sindano za kila siku kwa miezi mingi. Mgonjwa alikuwa anawekwa mbele ya mambo mawili, kifo au hatari ya uziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe na vidonge kama bedakwilini vipewe kipaumbele. Kwa hiyo ikiwa kuna mtu nyumbani kwako anaogopa tiba ya kifua kikuu sugu kwa sababu ya habari hizo za zamani, mwambie mambo yamebadilika. Na ikiwa kuna mtu anajichomea jentamaisini duka la dawa kwa kila homa, mwambie aache leo.

Halafu kelele. Mtu anaweza kukaa kwenye sauti ya desibeli 85, kama mngurumo wa barabara yenye malori, kwa saa nane bila kuumia. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda huo hukatika nusu. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15 tu. Hesabu hiyo iweke kwa kijana wa mashine ya kusaga, kwa fundi wa kuchomelea, kwa kondakta aliyekaa chini ya spika, kwa wanaokesha kwenye vigodoro, na kwa mwanao anayelala na vile vidude vya kusikilizia simu masikioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa.

Nasi tusijitoe. Kuna misikiti yetu ambayo spika za ndani zimefungwa usawa wa kichwa cha mtu wa safu ya kwanza, na mwenye chombo anaongeza sauti kila spika inapokoroma. Wazee wa safu ya kwanza ndio wanaowahi, ndio wanaoumia. Adhana isikike mbali, ndiyo, hiyo ni Sunna ya Bilal (r.a). Lakini darsa la watu ishirini ndani ya chumba kimoja halihitaji spika nne. Najua nitapigiwa simu kwa maneno haya.

Tiba ya uziwi wa ndani ni ipi basi? Wapo wanaofaa kuvishwa shimesikio, kile kifaa kidogo kinachokuza sauti. Kinatakiwa kipimwe kulingana na usikivu wa mtu, maana kifaa cha kununua mtandaoni bila kipimo ni kelele tu sikioni, na betri zake ziwe zinapatikana mtu anapoishi. Kwa mtoto ambaye hata kifaa hicho hakimsaidii, upo upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ambacho huruka chembe zilizokufa na kuigusa neva yenyewe. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017, na kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wanapelekwa India. Ni ghali, na baada ya upasuaji kuna miaka ya mazoezi ya kusikia na kusema. Na faida yake ni kubwa mtoto akiwahiwa, kwa sababu ubongo hujifunza lugha katika miaka michache ya mwanzo. Usisubiri miaka mitano na hirizi. Mtoto mchanga hushtuka mlango ukibamizwa. Akiwa na miezi sita hugeuka akiitwa nyuma yake. Mwaka mmoja ana neno moja au mawili. Asipofanya hayo, nenda ukapime. Na mtu mzima ambaye sikio limezima ghafla, jana lilisikia leo halisikii, huyo ni mgonjwa wa dharura, siku chache za mwanzo ndizo zenye nafasi ya dawa.

Wazee wetu ni mlango mwingine. Uzee hupunguza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo mzee anasikia kwamba unasema lakini hapati maneno. Watoto na wakwe wanasema, "Huyu anasikia anachotaka kusikia." Mara wanaanza kumpigia kelele. Surat al-Israa imetukataza hata kuwaguna wazazi, sembuse kuwafokea. Na kufoka kwenyewe hakusaidii, sauti inazidi kupotea. Kaa mbele yake, uso wako akiuona, sema taratibu, zima televisheni.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilihesabu watu zaidi ya milioni 430 wenye uziwi unaohitaji msaada, milioni 34 kati yao watoto, na ikasema kwamba asilimia 60 ya uziwi wa utotoni ungeweza kuzuiwa. Waliobaki, ambao haukuzuilika na haukutibika, ndio ninaotaka kumalizia nao, kwa sababu hao deni lao liko kwetu na si kwa madaktari.

Imepokewa na Imam Ahmad kwamba Siku ya Kiyama wapo watu wanne watakaojitetea mbele ya Allah, na mmoja wao ni kiziwi, atakayesema kwamba Uislamu ulimkuta naye hakusikia kitu. Maulamaa huisoma hadithi hiyo wakieleza udhuru wa mtu huyo. Mimi kila nikiisoma nawafikiria wengine, wale waliokuwa wakikaa naye nyumba moja. Kiziwi anayo hoja. Sisi tuliokuwa na ndimi, macho na mikono ya kumweleza, hoja yetu ni ipi? Katika Musnad huyo huyo wa Imam Ahmad, Mtume (s.a.w) amekutaja kumfahamisha asiyesikia mpaka akafahamu kuwa ni sadaka.

Wala kiziwi si mtu wa kando katika dini hii. Muhammad bin Sirin wa Basra, ambaye Waislamu wengi wanamjua kwa tafsiri ya ndoto, alikuwa imamu wa fiqhi na hadithi katika zama za tabiina, akafariki mwaka 110 Hijria. Ibn Sa'd anapomweleza elimu yake na uchamungu wake anataja pia kwamba alikuwa na uziwi. Mafakihi nao wamekubali ishara ya asiyesema, inayofahamika, katika ndoa na talaka. Milango ilikuwa wazi tangu zamani.

Lakini hapa kwetu, shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Shule ya Mwanga, Kilimanjaro, ni ya Walutheri. Nawapongeza kwa hilo bila choyo. Mtoto wa Kiislamu akipelekwa huko hupata lugha ya alama, na huipata pamoja na dini ya waliomfundisha, kwa kuwa hakuna ustadhi aliyewahi kumfundisha kwa alama hizo maana ya Fatiha. Halafu anaporudi likizo na msalaba shingoni, baba anakuja msikitini kulalamika. Alalamike kwa nani? Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo tangu miaka ya themanini, walimu wa Lugha ya Alama ya Tanzania wapo, na kijana wa madrasa akijifunza kwa bidii mwaka mmoja anaweza kuanza kufasiri. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka hotuba ya Ijumaa hufasiriwa kwa lugha ya alama. Hapa jijini sijapata kuiona, na nimeswali Ijumaa misikiti mingi.

Msikitini kwetu yupo fundi cherehani kijana, kiziwi tangu surua ya utotoni, anayejua kusoma na kuandika. Huwahi Ijumaa, akakaa karibu na mimbari, akamwangalia khatibu midomo dakika arobaini nzima. Khatibu wetu ni mtu makini, hotuba yake huiandika na kuichapa, kurasa tatu au nne. Akishuka mimbarini huzikunja akazitia mfuko wa kanzu. Duka la fotokopi liko ng'ambo ya barabara, na ukurasa mmoja ni shilingi mia.